Maiti Katika Riwaya ya Bluu

Mimi ni mkataji. Katika karakana yetu ya kushona sare, kitambaa hakiguswi na mtu kabla sijakipitia mimi. Nakitandaza mezani tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki, nashusha mashine, na kinachotoka hapo ndicho wenzangu wanachoshona siku nzima. Nikikosea mimi, wamekosea wote. Kwa hiyo sikosei.

Kazi yangu nyingine ni utunzi wa mashairi. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijihesabia mwenyewe kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma mashine, na leo ukiniamsha usingizini nitakuonyesha mshororo wako umepungukiwa wapi. Wanawake wa karakana walipojua hilo walinipachika jina la Malenga, na jinsi wanavyolitamka, utajua hawanisifu.

Riwaya nilikuwa siziwezi. Nilisema wazi, tena kwa sauti, kwamba riwaya ni shairi lililomshinda mtu. Mwandishi hana vina, hana mizani, basi anaendelea tu kama bomba lililosahauliwa wazi. Anamtoa mtu kitandani hadi mlangoni kwa ukurasa mzima, na akifika mlangoni amesahau ufunguo, tunarudi naye kitandani. Maneno hayo nilikuwa nikiyasema mbele ya watu wanaoishi kwa riwaya. Waliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyevaa shati ndani nje bila kujua.

Maana karakana yetu ina utaratibu wake wa kusoma. Kitabu kikinunuliwa kwa muuza mitumba wa pale kona, hakisomwi na mmoja huku wengine wakimeza mate. Kinaletwa mezani kwangu, nakikata mgongo, nakigawa vipande vya unene wa kidole. Mwenye zamu anavipeleka kwenye cherehani, anavipiga mshono ubavuni, anavivisha jalada la kitambaa kilichobaki kazini, na pembeni anatia misalaba ya uzi: mmoja kwa kipande cha kwanza, miwili kwa cha pili, na kuendelea. Vipande vinakaa kwenye kikapu karibu na dirisha. Anayeanza anachukua cha kwanza, akikirudisha anachukua cha pili, na wa nyuma yake anamfuata. Hivyo karakana nzima inasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja bila ugomvi, isipokuwa pale Mama Kola anapoking'ang'ania kipande kitamu. Kila riwaya ina rangi yake ya kitambaa, ili zisichanganyike.

Mama Kola ndiye anayeshona kola. Anayeshika pasi kubwa ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyeniingiza kazini na ambaye ninakaa kwake. Na kwenye mashine ya vifungo, chini ya taa inayopepesa, anakaa yule ambaye wote tunamwita Vifungo.

Kwa Vifungo sina la kuficha. Nimemtungia beti nyingi kuliko mashati tuliyoshona. Siku moja nilimpelekea kipande cha karatasi nilichokikata vizuri pande zote nne, juu yake nimeandika:

Macho yako ni mwangaza, gizani yaniongoza.

Aliusoma mshororo, akanitazama kwa macho hayo hayo, akasema, "Malenga, macho yangu ni mekundu kwa vumbi la kitambaa. Na kama shida yako ni giza, si ununue tochi."

Mama Kola alicheka hadi akachomwa na sindano. Mimi nilirudi mezani nikiwa nimeumia, lakini nilihesabu, na mizani yangu ilikuwa sawa.

Sasa Vifungo alikuwa amepata nafasi ya kwenda mji wa mbali kusomea uchoraji wa mitindo ya nguo. Miaka miwili. Alitakiwa atoe jibu mwisho wa wiki ile. Nami nilikuwa nimembembeleza Shangazi hadi akakubali kwenda kuzungumza na mama yake Vifungo siku ya Jumapili. Nilimwambia Shangazi nataka mambo yawe rasmi kabla binti hajaondoka. Ukweli ni kwamba nilitaka yawe rasmi ili asiondoke.

Karakana haina siri. Vifungo alipata habari kabla hata Shangazi hajachagua nguo za kuvaa. Alikuja mezani kwangu wakati wa mapumziko, akaegemea jora la bluu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mashairi yangu ni matamu, lakini yanamsifu macho tu, hayajawahi kumuuliza kitu. Halafu akanipa kazi.

"Soma ile riwaya ya bluu. Ukimaliza uniambie, yule mwanamke alifanya vizuri kuondoka au alifanya vibaya? Nikisikia jibu lako nitajua kama shangazi yako aje kwetu au akae kwake."

Nilisema nitaimaliza kesho. Alisema nisiharakishe, nisome kama mtu anayekula, si kama mtu anayekimbizwa.

Basi nilichukua kipande cha kwanza kikapuni, chenye msalaba mmoja. Nilikaa ngazini nje ya karakana nikiwa nimejiandaa kuchoka.

Sikuchoka. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonichanganya. Anayesimulia ni mwanamke, anajitaja "mimi" na mume wake anamwita "mume wangu", basi. Mume ni fundi saa. Nyumba yao imejaa saa za watu, ukutani, kabatini, hata jikoni, na kila saa inapogonga, wanaacha kuongea hadi imalize. Mwandishi anaeleza jinsi mke anavyojifunza kuanza na kumaliza sentensi zake katikati ya milio hiyo. Hakuna kina, hakuna mizani, lakini nilipofika mwisho wa kipande nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimesimamisha pumzi nikingoja saa zinyamaze. Niliudhika. Ilikuwaje?

Kipande cha pili, mke anapata nafasi ya kusomea ukunga mji mwingine. Nilielewa mara moja kwa nini Vifungo amenipa kitabu hiki, nikajiona mwerevu. Mke anamwambia mume wake. Mume hajibu. Anachukua saa moja baada ya nyingine anazitia funguo, nyumba nzima, na mke anafunga sanduku lake huku akimsikia anavyozunguka vyumbani. Kipande kinaishia kituoni, amekaa juu ya sanduku.

Niliruka vidato viwili kwenda kikapuni. Kulikuwa na kipande chenye misalaba mitatu. Jalada la bluu. Nikakifungua pale pale dirishani.

"Walimkuta mume wangu sakafuni, kikombe kando yake. Inspekta aliniuliza nilikuwa wapi asubuhi ile. Nikamwambia nilikuwa safarini."

Nilisema moyoni, huyu mwandishi ni mtu mbaya. Ametutuliza na milio ya saa, kumbe alikuwa anatuvuta taratibu kwenye maiti.

Kuanzia hapo sikuwa mtu wa kawaida. Nilisoma nikitembea, nikapitwa na nyumba yetu. Nilisoma kwenye foleni ya maji hadi walio nyuma yangu wakanipita wote. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyochanganyikiwa, na kadiri nilivyochanganyikiwa ndivyo nilivyotaka zaidi. Kwa mfano, marehemu alikuwa na masharubu. Katika vipande viwili vya kwanza hayakutajwa masharubu popote. Nikasema sawa, mke hakuwa akimtazama vizuri mume wake, ndiyo maana ameyaona alipokufa. Nililiona hilo kuwa jambo zito sana. Marehemu alikuwa pia na duka la rangi za kupaka nyumba. Nikasema sawa, ufundi wa saa haulishi, aliongeza biashara. Kulikuwa na mbwa. Mbwa huyu alinisumbua kweli, kwa sababu nyumba yenye saa zote zile zinazogonga, mbwa angebweka kila saa. Nilimwaza mbwa huyo nikikata mashati ya darasa la kwanza.

Kipande chenye misalaba minne, inapatikana sumu ya panya nyuma ya mapipa ya rangi, na kifuniko kina alama za vidole vya mke. Kipande chenye misalaba mitano, mke yuko hospitalini, kwenye mafunzo ya ukunga, ana furaha, amemzalisha mama kwa mara ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na mume wake amemtumia saa ndogo ya mkononi ili ahesabie mapigo ya moyo ya watoto.

Marehemu anatuma saa.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Mtu mwingine angeuliza. Vifungo alikuwa hatua chache kutoka kwangu, Mama Kola alikuwa karibu zaidi, na Shangazi tunakula meza moja. Lakini mimi natunga mafumbo, na mtu anayetunga mafumbo haendi kuomba afumbuliwe. Nikalifumbua mwenyewe: mwanamke yule amepagawa na kosa lake. Hospitali haipo, mtoto hayupo, saa haipo. Anajidanganya. Ile saa ya mkononi ni dhamiri inayomgongea. Nilijipongeza kwa kupiga ngumi kwenye jora.

Kipande cha sita kilinithibitishia yote: Inspekta anamfunga pingu mbele ya duka la rangi, mbwa anatazama. Kipande cha saba, cha mwisho, hakikuwemo kikapuni. Niliona hakihitajiki.

Utaratibu wetu ni kwamba kila anayemaliza kitabu anasema maoni yake wakati wa chakula cha mchana, mezani kwangu, kwa kuwa ndiyo meza pana kuliko zote. Wengine wanakula na kunyamaza hadi amalize. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Nilinawa mikono, nikasimama. Sikuhitaji kusimama, lakini mambo yangu nayasema nikiwa wima.

Nilianza kwa kukiri kwamba nimezikosea heshima riwaya, na kwamba hii ni kazi ya mtunzi hodari anayejua kuficha. Mama Kola akatikisa kichwa, ameridhika. Nikaingia kwa yule mwanamke. Nilisema sijawahi kukutana na mtu mwovu mwenye sauti tamu vile. Nilisema sanduku lile lilikuwa la kuuzima moyo wa mtu, na kwamba kila mlio wa saa ulikuwa ukimwonya mume na hakusikia. Nilisema kuondoka kwake na kifo kile ni kitu kimoja, mwandishi ametuonyesha kwa ustadi, mke anavuka mlango na mwanamume anaanguka. Nilipaza sauti. Nilisema alifanya vibaya, vibaya mno, na pingu zile zilichelewa.

Nilipokaa, hakuna aliyekuwa akitafuna.

Shangazi ndiye aliyeuliza, polepole, kama mtu anayeuliza homa imeanza lini. "Baba, pingu za nani?"

"Za yule mwanamke."

"Na aliyekufa ni nani?"

"Fundi saa."

Mama Kola alishika kifua. Aliinuka, akaenda kikapuni, akarudi na vipande mikononi, akaniwekea mezani viwili vyenye misalaba mitatu. Vyote vya bluu. Halafu akaweka ukucha wake juu ya mshono wa kimoja, kisha wa kingine. Cha kwanza kilishonwa kwa uzi mweupe. Cha pili kwa uzi mweusi.

Ilikuwa hivi. Karakana ilikuwa na riwaya mbili. Ile ya fundi saa, na nyingine ya kipelelezi, ambayo nayo inasimuliwa na mke wa mtu. Ya kipelelezi ilipangiwa kitambaa cha kaki, lakini jora la kaki lilichelewa kuletwa, Mama Kola akaivisha bluu kama mwenzake na kuzitofautisha kwa uzi. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na haja. Hawa ni washonaji. Kitu cha kwanza wanachokiona katika jambo lolote duniani ni uzi. Mimi ni mkataji. Ninapomaliza kazi yangu uzi haujaingia, na ukishaingia si kazi yangu tena. Nilikuwa nimevishika vipande vile siku zote hizo na sikuona kama vimeshonwa kwa chochote.

Nikauliza kwa nini basi hakuna nambari za kurasa, mtu angejua. Mama Kola alinijibu kwamba nambari zilikuwepo, hadi mimi nilipopunguza kingo za karatasi ili zinyooke. Niliikumbuka kazi ile. Zilikuwa zimenyooka kweli.

Hapo ndipo walipocheka. Mama Kola alilaza kichwa mezani. Mwingine alitaka kujua kama fundi saa alikufa akiwa na masharubu ya mwenzake, nikasema ndiyo, wakaanza upya. Hata Shangazi alificha uso kwa kanga. Ningeweza kuvumilia. Nimechekwa sana, na anayechekwa kwa sababu ya kuthubutu si sawa na anayechekwa kwa sababu ya kukaa kimya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kuwajibu.

Lakini Vifungo hakucheka. Alikuwa akikunja karatasi ya chakula chake, ndogo, ndogo zaidi.

"Ulipoiona maiti," akasema, "hukujiuliza imetoka wapi?"

Nilimwambia nilidhani ni fumbo. Nilimwambia kuhusu mbwa, jinsi mbwa alivyonisumbua.

"Mbwa alikusumbua. Masharubu yalikusumbua. Lakini mke kaondoka kwenda kusoma, mume kafa, hilo halikukusumbua. Uliona ndivyo inavyofuata."

Akarudi kwenye mashine yake. Kengele ya kazi ilikuwa bado haijalia.

Alasiri ile nilikata mikono ya mashati. Mkataji ukitandaza kitambaa lazima ugeuze tabaka, moja likitazama juu, jingine chini, ili upate mkono wa kulia na wa kushoto. Sikugeuza. Nilikata rundo zima la mikono ya kushoto. Shangazi alipita, akaona, akatandaza jora juu yake kabla msimamizi hajafika.

Nyumbani nilichukua vipande vyote vya uzi mweupe vilivyokuwemo kikapuni, nikavisoma kwa mpangilio, halafu vya uzi mweusi kwa mpangilio. Nilidhani mambo yakitenganishwa nitaelewa. Nilielewa kidogo kuliko mwanzo.

Ile ya kipelelezi, ikiwa peke yake, ilikuwa nyepesi. Muuaji alijulikana mapema, mbwa alikuwa na sababu ya kuwepo, na hakuna kilichonizuia pumzi. Ile ya fundi saa, bila maiti, ilinielemea. Hakuna aliyefanya uovu. Mke anaondoka na anaumia, anafurahi na anaumia. Mume hasemi "nenda" wala hasemi "baki". Nilimkasirikia. Nilisema, wewe bwana, sema basi. Halafu anatuma ile saa ndogo, na nikashindwa kujua ni zawadi au ni lawama, anamsaidia kuhesabu mapigo ya watoto au anamkumbusha muda anaoutumia mbali naye. Nilisoma sehemu hiyo tena na tena. Kila nikiisoma inageuka.

Na kuna jambo jingine, la aibu. Niliitamani tena riwaya yangu. Ile niliyoisoma mimi, yenye saa, sumu na mbwa, haipo tena popote. Ilikuwa nzuri kuliko zote mbili. Katika riwaya ile kila kitu kilikuwa na mwenye kosa.

Shangazi alinikuta nimetandaza vipande kitandani kama mchuuzi. Nilimwuliza yeye alisemaje zamu yake ilipofika. Aliniambia kwamba alisema mwanamke alifanya vibaya, angemsubiri mume afungue mdomo kwanza. Na Mama Kola? Mama Kola alisema alifanya vizuri, na angeondoka mapema zaidi, tena na saa mbili za kuuza. Walibishana hadi kazi ikalala.

"Kwa hiyo Vifungo anataka jibu la Mama Kola," nikasema.

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, juu ya kipande cha nne. "Baba, angetaka jibu la Mama Kola analo tayari, alilisikia. Wewe unadhani kila anayekuuliza kitu anataka ushinde."

Nilimwuliza basi anataka nini. Alisema hajui, yeye ni mpiga pasi. Akainuka, akaninyooshea kipande alichokikalia, akauliza kama Jumapili aende au asiende, kwa sababu gauni lake bado halijafuliwa.

Ijumaa nilitunga. Nilitaka kumwomba Vifungo msamaha kwa beti saba. Nilipata ubeti wa kwanza, na katika ubeti wa pili nikahitaji kina cha "nda", na maneno yote yaliyonijia yalikuwa "kwenda", "kupenda", "kushinda". Nilipolipanga lile la mwisho nikasikia sauti ya Shangazi. Nikaichana karatasi. Mizani ilikuwa sawa, na haikunisaidia.

Nikaenda kwenye mashine ya vifungo mikono mitupu. Taa yake ilikuwa ikipepesa kama kawaida. Hakuinua kichwa, alikuwa akimaliza shati.

Nilimwambia, "Nimeisoma yote kwa uzi mweupe. Sijui."

"Hujui nini?"

"Kama alifanya vizuri. Nikiwa na mume nasema vibaya, nikiwa na mke pale hospitalini nasema vizuri. Nikilala nasema wote wawili wana makosa, nikiamka sioni kosa. Sikupendi kitabu hicho." Nikajisahihisha kwamba simaanishi yeye. "Na kipande cha mwisho sijakiona."

Alifungua mkoba wake akatoa kipande chenye misalaba saba. Alikuwa nacho muda wote. Akanipa, akasema nisome pale pale, nimesimama, kwa kuwa mambo yangu nayafanya nikiwa wima.

Kilikuwa chembamba. Mke anarudi baada ya masomo, hajatoa taarifa. Mlango haujafungwa. Anaingia, anakuta saa zote zinafanya kazi, kila moja inasema wakati wake, hakuna mbili zinazolingana. Mume yuko kwenye meza yake na kioo cha kukuzia jichoni. Anamwambia mke kwamba amezitia funguo kila siku, lakini hakuwa na mtu wa kumwuliza ni saa ngapi. Mke anatazama ile ndogo ya mkononi mwake. Amesimama katikati ya chumba, sanduku bado liko mkononi.

Niligeuza ukurasa. Kulikuwa na kitambaa cha bluu tu.

"Imeisha hapa?"

"Imeisha hapo."

"Amesema ni saa ngapi? Ameliweka sanduku chini?"

"Malenga, mimi na wewe tumesoma maneno hayo hayo."

Nilisema mwandishi ametuibia. Nilisema shairi haliwezi kufanya hivi, shairi lina kibwagizo, mtu anajua mlango umefungwa. Nilisema mengi. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu ya watu wawili ambao hawapo, kwenye chumba ambacho hakipo, na huku wa kwangu alikuwa mbele yangu na sijamwuliza chochote. Nilinyamaza katikati ya sentensi. Halafu nikamwuliza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake mfukoni.

"Wewe unataka kwenda?"

"Nataka," akasema. "Na naogopa. Na nimeshawajibu kwamba naenda."

"Na Shangazi Jumapili?"

Aliinama chini ya mashine akatoa kitabu ambacho sijawahi kukiona, riwaya kutoka kwa yule muuza mitumba wa kona, mgongo wake mzima. Akaniambia nikate. Nikauliza vipande vingapi. Akasema viwili tu.

"Na kingo usiziguse," akasema. "Nataka nambari zangu."

Nilikikata kitabu kile katikati baada ya kupima mara tatu, mimi ambaye sikosei. Alivipiga mshono vyote viwili mwenyewe, akavivisha kitambaa chekundu. Cha kwanza akakitia kwenye mkoba. Cha pili akanipa.

"Mimi nitasoma mwanzo, nikimaliza nikutumie. Usianze kabla hakijafika. Mwambie shangazi yako na yeye angoje kifike."

"Kikifika ndiyo aende?"

"Kikifika usome," akasema, akavuta shati jingine.

Nilimpelekea Shangazi ujumbe kama ulivyo. Aliutafakari, akauliza kama hiyo ni ndiyo au ni hapana, nikasema sijui. Mama Kola alisema ni ndiyo, kabisa. Yule aliyeuliza habari za masharubu akasema nimekataliwa kwa adabu na nimepewa kitabu cha kufutia machozi. Shangazi akasema basi gauni litafuliwa, lakini halitapigwa pasi.

Vifungo ameondoka. Mashine yake anaikalia mwingine, na taa imetengenezwa, haipepesi tena. Kipande changu chekundu kiko chini ya mto. Nimeutazama mshono wake vizuri, siku hizi natazama uzi. Ni mweupe upande mmoja, na ukikigeuza ni mweusi, kwa sababu juu aliweka uzi mmoja na chini, kwenye bobini, mwingine. Sijui kama alikusudia au uzi mweupe ulimwishia.

Nilikuwa nimejiapiza nisikifungue. Nimesoma sentensi moja tu, ile ya juu kabisa. Kuna mtu anarudi nyumbani, na wenyeji wamefurahi kumwona. Sijui ni nani, wala alikuwa wapi.